Migusano ya amino asidi ndani ya protini: mwongozo kamili wa kuichambua, kwa mfano wa selimundu

Mtoto alikuwa na miaka sita, na mama yake alikuwa amekaa kwenye benchi la nje tangu asubuhi, ametokea Mwandiga. Ndani ya maabara, hapa Kigoma mjini, niliweka tone la damu ya mtoto kwenye kioo, nikalichanganya na tone la sodiamu metabisalfaiti, kemikali inayoondoa oksijeni, nikafunika kwa kioo chembamba na kuziba kingo ili hewa isipenye. Nilipochungulia hadubini mara ya kwanza chembe zilikuwa duara, zimetulia. Baada ya nusu saa nyingi zilikuwa zimevutika na kuchongoka ncha mbili, nyingine zimepinda kama mundu wa kuvunia mpunga.

Kipimo hicho hakimtofautishi mgonjwa na mbebaji, kwa hiyo tulisubiri cha kuthibitisha. Majibu yalipokuja, yakasema ni selimundu, nikamweleza mama. Akaniuliza, "Dokta, sasa hiki kitu kinaanzia wapi?" Nikamjibu, "Mama, ni cha kurithi, kimetoka kwako na kwa baba yake." Jibu ni la kweli, lakini halikufika alikouliza. Kinapoanzia ni padogo mno: amino asidi moja, yaani kijenzi kimoja cha hemoglobini, protini inayobeba oksijeni kwenye damu, inagusana na amino asidi chache za molekuli ya jirani, mahali ambapo kwa mtu asiye na ugonjwa hakuna mgusano huo.

Mwongozo huu ni wa kukufikisha mahali hapo kwa kompyuta yako mwenyewe, hatua kwa hatua. Nimeuandika nikiwafikiria wanafunzi wa biokemia walio likizo nyumbani, wenzangu wa maabara, na yeyote aliyesoma baiolojia ya kidato cha sita akabaki na hamu. Ukiweza kuifanya kwa hemoglobini, utaweza kwa protini yoyote.

Maneno machache kabla ya kazi

Amino asidi zikishaungwa kwenye mnyororo wa protini, kila moja huitwa residyu. Umbali kati ya atomu hupimwa kwa angstromu, kifupi chake Å. Angstromu 10 ni nanomita 1. Kaboni alfa ni ile kaboni ya uti wa mgongo ambayo kila residyu inayo, na kaboni alfa mbili zinazofuatana kwenye mnyororo huwa mbali kwa takriban Å 3.8. Kaboni beta ni ya kwanza kwenye tawi la pembeni. Glaisini peke yake haina.

Hemoglobini ya mtu mzima ina minyororo minne: alfa miwili yenye residyu 141 kila mmoja, na beta miwili yenye residyu 146. Katika selimundu, residyu ya 6 ya beta imebadilika kutoka asidi glutamiki (Glu) kuwa valini (Val). Vernon Ingram ndiye aliyeonyesha badiliko hilo, katika kazi aliyochapisha mwaka 1956 na 1957. Max Perutz, aliyeanza kuihangaikia hemoglobini kwa mionzi ya eksi mwaka 1937, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1962 pamoja na John Kendrew. Miaka 25! Leo matunda ya kazi ya namna hiyo unayapakua kwa bando dogo kuliko la video moja ya WhatsApp.

Hatua ya kwanza: andika swali

Hii ndiyo hatua inayorukwa zaidi, na ndiyo inayoharibu kazi nyingi. "Nataka kuchambua migusano ya hemoglobini" si swali. Ukiendesha programu bila swali utapata jedwali la maelfu ya mistari, utalitazama, na hutajua mstari upi ni wa maana. Chukua daftari uandike sentensi moja. Kwa mfano wetu: *Val ya 6 kwenye mnyororo wa beta inagusana na residyu zipi za molekuli nyingine?*

Tazama jinsi sentensi hiyo inavyokupa kila kitu. Unajua unahitaji faili lenye hemoglobini ya selimundu, unajua lazima liwe na molekuli zaidi ya moja, na unajua kwamba migusano ya ndani ya mnyororo mmoja si hoja yako leo.

Hatua ya pili: pata faili sahihi, kisha lisome kwa macho

Miundo ya protini iliyopimwa huhifadhiwa kwenye hazina ya Protein Data Bank, iliyoanza mwaka 1971 ikiwa na miundo 7 tu na sasa imepita 200,000. Kila muundo una jina la herufi na tarakimu nne. Tutatumia matatu: 2HBS, hemoglobini ya selimundu isiyo na oksijeni, 4HHB, hemoglobini ya kawaida isiyo na oksijeni, na 1HHO, hemoglobini ya kawaida yenye oksijeni. Ingia rcsb.org, andika jina, pakua. Hulipi kitu wala hujisajili.

Baada ya kupakua, fungua faili kwa programu ya kawaida ya maandishi, ile ya kuandikia barua isiyo na mapambo. Nakusihi usiliruke hili. Mistari ya juu inaeleza protini ni ipi, ilipimwaje na kwa ubainifu gani. 2HBS ina ubainifu wa Å 2.05, na 4HHB ina Å 1.74. Namba ikiwa ndogo, picha ni kali zaidi. Muundo wenye Å 3.5 usiutumie kubishania umbali wa nusu angstromu. Hauwezi kuubeba ubishi huo.

Shuka mpaka uone mistari inayoanza na ATOM. Kila mstari ni atomu moja, na nafasi za herufi hazibadiliki: nafasi ya 18 hadi 20 ni jina la residyu, ya 22 ni herufi ya mnyororo, ya 23 hadi 26 ni namba ya residyu, na ya 31 hadi 54 ni vipimo vitatu vya mahali atomu ilipo. Nafasi ya 61 hadi 66 ni kiasi cha kutikisika, kinachoitwa kigezo B: kikiwa kikubwa kulinganisha na majirani, atomu hiyo haikutulia na mahali pake pana mashaka. Nafasi ya 17 ikiwa na herufi A au B, maana yake atomu hiyo ilionekana mahali pawili. Mistari inayoanza na HETATM ni vitu visivyo amino asidi za kawaida: heme yenye chuma, maji, chumvi. Atomu za haidrojeni mara nyingi hutaziona, kwa sababu mionzi ya eksi haizinasi vizuri.

Ukisoma mistari 50 namna hiyo, programu haitakudanganya tena kirahisi.

Hatua ya tatu: amua "kugusana" ni nini

Hapa ndipo penye kazi yenyewe, kwa hiyo nitakaa.

Atomu hazigusani kama viganja vinavyopeana mkono. Kuna umbali tu, na wewe ndiye unayesema umbali gani unahesabika. Wavuvi wa dagaa pale Kibirizi wanalijua hili kuliko wengi wetu. Ukubwa wa macho ya wavu ndio unaoamua nini kitaingia mtumbwini, na mtu mwenye wavu tofauti atarudi na mzigo tofauti kutoka maji yale yale ya Tanganyika, usiku ule ule usio na mwezi. Hakuna anayedanganya, nyavu zao hazifanani. Wawili wakileta idadi tofauti za migusano ya protini moja, kwanza uliza nyavu zao.

Nyavu zinazotumika sana ni tatu. Ya kwanza hupima kaboni alfa kwa kaboni alfa, au kaboni beta kwa kaboni beta (glaisini ikitumia alfa yake), na kuhesabu mgusano umbali ukiwa chini ya Å 8. Ni nyepesi na ya haraka, inafaa kuchora ramani ya protini nzima. Udhaifu wake ni kwamba haijui matawi ya pembeni yanaelekea wapi: residyu mbili zinaweza kuwa karibu kwa uti wa mgongo huku matawi yao yamepeana visogo.

Ya pili hupima atomu yoyote nzito, yaani isiyo haidrojeni, ya residyu moja kwa atomu yoyote nzito ya nyingine, na kuhesabu zikikaribiana chini ya Å 4.5. Wengine hutumia 4 au 5. Hii ndiyo ninayopendekeza kwa swali la residyu mahususi kama letu, kwa sababu inaona tawi la pembeni lenyewe.

Ya tatu haitoshelezwi na umbali, inauliza aina ya mgusano. Daraja la chumvi linahesabika pale oksijeni yenye chaji hasi ya asidi aspatiki au glutamiki inapokuwa ndani ya Å 4 na naitrojeni yenye chaji chanya ya laisini, arginini au histidini. Bondi ya haidrojeni huhesabika pale atomu inayotoa na inayopokea, kwa kawaida naitrojeni na oksijeni, zikiwa ndani ya Å 3.5, na pembe yake ikubali. Daraja la salfa kati ya sisteini mbili ni bondi kamili, salfa kwa salfa Å 2.05 hivi. Na kuna mgusano wa kukimbia maji.

Huu wa mwisho watu wa Kigoma wameuona jikoni. Mimina mawese kidogo kwenye maji ya vuguvugu ukoroge. Ukiacha kukoroga, matone yanatafutana na kuungana. Kinachoyasukuma zaidi ni maji yanayoyakataa, wala si kwamba mawese yana mvuto mkubwa baina yao. Valini, lusini, isolusini, fenilalanini na wenzao wana matawi ya namna hiyo. Asidi glutamiki haiko hivyo: ina chaji, inayapenda maji, inakaa nje ya protini bila shida. Sasa fikiria umeing'oa Glu kwenye uso wa hemoglobini na kupachika Val. Umeweka tone la mafuta mahali palipozoea maji.

Jambo la mwisho kwenye uamuzi huu: majirani wa mnyororo. Residyu ya 20 na ya 21 zimeungwa, kwa hiyo zitagusana daima, na habari hiyo haikufundishi kitu. Kwenye heliksi, yaani sehemu ya mnyororo iliyojisokota kama springi, residyu ya 20 na ya 23 nazo hugusana kwa sababu ya mzunguko wa heliksi yenyewe. Ukitaka kujua protini imejikunjaje, ondoa jozi zilizo karibu kwenye mnyororo. Mimi huondoa zote zenye tofauti ya namba chini ya 4, na nikitaka migusano ya mbali kabisa nabakiza zenye tofauti ya 24 na kuendelea. Ila kwa minyororo miwili tofauti usiondoe chochote, hata kama namba zimekaribiana. Residyu ya 6 ya mnyororo mmoja na ya 7 ya mnyororo mwingine si majirani wa kuungwa.

Andika uamuzi wako daftarini kabla ya kuendesha programu, kwa sababu matokeo yakishakuja mkono hushawishika kusogeza kipimo mpaka yapendeze.

Hatua ya nne: endesha msimbo

Kama kompyuta mpakato yako ni dhaifu, tumia Google Colab kwenye kivinjari. Hata kompyuta yenye RAM ya GB 4 inatosha. Umeme ukikatika au mtandao ukiyumba kazi ya Colab hupotea, kwa hiyo hifadhi matokeo mara kwa mara. Tutatumia lugha ya Python na maktaba ya Biopython. Majina ya vitu nimeyaweka kwa Kiswahili, Python haina kinyongo nayo.

```
!pip install biopython
!wget https://files.rcsb.org/download/2HBS.pdb

from Bio.PDB import PDBParser, NeighborSearch

muundo = PDBParser(QUIET=True).get_structure("hbs", "2HBS.pdb")
modeli = muundo[0]

atomu = [a for a in modeli.get_atoms()
         if a.element != "H" and a.get_parent().id[0] == " "]

jozi = NeighborSearch(atomu).search_all(4.5, level="R")

migusano = []
for r1, r2 in jozi:
    m1, m2 = r1.get_parent().id, r2.get_parent().id
    n1, n2 = r1.id[1], r2.id[1]
    if m1 == m2 and abs(n1 - n2) < 4:
        continue
    migusano.append((m1, r1.get_resname(), n1,
                     m2, r2.get_resname(), n2))

print(len(migusano))
```

Mstari wa `atomu` unafanya kazi kubwa kimya kimya. Sharti la kwanza linatupa haidrojeni. La pili, lile lenye alama tupu ndani ya vinukuu, linabakiza amino asidi za kawaida tu. Heme na maji vinabaki nje. Ukilisahau, maji yatajaa kwenye jedwali lako kama residyu halali. Neno `level="R"` linamaanisha tupe jozi za residyu, si za atomu. Pale atomu ilipoonekana mahali pawili, Biopython huchukua yenyewe nafasi iliyoonekana zaidi.

Sasa uliza swali letu:

```
for m1, j1, n1, m2, j2, n2 in migusano:
    if m1 != m2 and (("VAL", 6) in [(j1, n1), (j2, n2)]):
        print(m1, j1, n1, "--", m2, j2, n2)
```

Kwa nini sikutaja mnyororo? Kwa sababu 2HBS ina minyororo minane, hemoglobini mbili zilizolala ubavu kwa ubavu, na sitaki nikukaririshe herufi. Mnyororo wa alfa hauna Val kwenye nafasi ya 6, una asidi aspatiki, kwa hiyo sharti hilo linakamata beta peke yake.

Kwenye jibu tafuta PHE 85 na LEU 88. Hizo ni fenilalanini na lusini za mnyororo wa beta wa hemoglobini ya jirani, na katikati yao kuna kishimo kidogo chenye kuta za mafuta. Val ya 6 imeingia humo. Usishangae Val zote nne zisipotokea: nyuzi za hemoglobini hujipanga mbilimbili, na kila molekuli hutumia Val moja tu kati ya mbili zake kwa mgusano huu wa ubavuni. Nyuzi pacha saba hujisokota pamoja kuwa ufumwele mmoja wa nyuzi 14, na fumwele hizo ndizo zinazoinyoosha chembe mpaka inakuwa mundu.

Hatua ya tano: thibitisha kwa macho

Usiamini mstari wa jedwali mpaka uuone. Pakua ChimeraX, ni bure kwa masomo na utafiti, kisha kwenye kisanduku cha amri andika `open 2hbs`, halafu `select :6`, halafu `show sel atoms`. Zungusha kwa kipanya ukitafuta ile Val iliyo mpakani mwa hemoglobini mbili, sogea karibu, onyesha na 85 na 88 za jirani. Utaona tawi la Val lenye kaboni mbili zilizopanuka kama panda ya mti, limejipenyeza. Zima rangi zote zisizohitajika, ubaki na residyu hizo tatu. Nilipoiona mara ya kwanza nilikaa kimya muda mrefu. Maumivu ya watoto wote wale niliowatoa damu yalikuwa pale, kwenye nafasi ya angstromu chache.

Kisha pima uimara wa jibu: rudia msimbo kwa 4.0 na kwa 5.0. Mgusano unaobaki kwenye vipimo vyote vitatu ni wa kuaminika. Unaotokea kwenye 5.0 pekee, uandike kwa penseli. Angalia pia kigezo B cha atomu zinazohusika, kama nilivyoeleza juu.

Hatua ya sita: linganisha miundo miwili, na mtego wa faili nusu

Swali zuri la pili ni hili: oksijeni ikiingia kwenye hemoglobini, migusano ipi inavunjika? Hapo unalinganisha 4HHB na 1HHO. Kwenye 4HHB utakuta madaraja ya chumvi ambayo Perutz aliyaeleza: His (histidini) ya 146, residyu ya mwisho ya beta, imeshikamana na Asp (asidi aspatiki) ya 94 ya mnyororo wake mwenyewe, na ncha ya mnyororo huo huo imeshika Lys (laisini) ya 40 ya alfa ya upande wa pili. Kwenye 1HHO madaraja hayo yameachia. Ndiyo sababu hemoglobini isiyo na oksijeni huwa imekaza, na yenye oksijeni imelegea.

Lakini ukipakua faili la kawaida la 1HHO utakuta minyororo miwili tu, alfa mmoja na beta mmoja. Nusu nyingine haikuandikwa kwa sababu kwenye fuwele (kristali) ya protini iliyopimwa ni nakala ya kuzungusha ya nusu ya kwanza. Mtu asiyejua ataendesha msimbo, ataona migusano yote kati ya nusu mbili imetoweka, na ataandika kwamba oksijeni imeivunja. Haikuvunjwa na oksijeni. Nusu ya protini haimo kwenye faili.

Dawa yake ni kupakua muundo wa kibaiolojia, ule ambao tovuti inauita "Biological Assembly". Na hapo napo kuwa macho: kwa muundo wa zamani wa faili la PDB, nusu ya pili huwekwa kama modeli ya pili, na mstari wetu wa `muundo[0]` unachukua ya kwanza pekee. Chukua faili la aina ya mmCIF, ulisome kwa `MMCIFParser` badala ya `PDBParser`. Humo kila nakala ya mnyororo hupewa jina lake. Kabla ya kuendelea, chapisha orodha ya minyororo uhesabu kwa kidole. Minne? Endelea.

Ukishakuwa na orodha mbili safi, ulinganisho wenyewe ni mwepesi: fananisha kwanza majina ya minyororo ya faili zote mbili, ziweke kwenye seti za Python, toa moja kwenye nyingine, soma zilizobaki.

Kuhusu namba: kosa lililonila siku mbili

Namba za residyu zina mila mbili. Mila ya zamani ya hemoglobini huanza kuhesabu kwenye protini iliyokamilika, baada ya methionini ya mwanzo kukatwa. Ndiyo inayotumika kwenye mafaili ya 2HBS na 4HHB, na kwa hiyo badiliko ni Glu6Val. Mila ya wanajenetiki na ya hazina ya UniProt huhesabu na ile methionini, na badiliko lile lile linaitwa Glu7Val. Miundo iliyotabiriwa na AlphaFold, programu ya kutabiri maumbo ya protini, hufuata hesabu ya UniProt.

Niliwahi kupewa ripoti ya jenetiki yenye namba 7, nikaingia kwenye 4HHB kutafuta residyu ya 7 ya beta. Nikaikuta Glu, kama nilivyotarajia, nikaendelea na kazi kwa siku mbili. Tatizo ni kwamba beta ya kawaida ina Glu mbili zinazofuatana, ya 6 na ya 7. Nilikuwa nachambua ndugu yake asiye na hatia, na hakuna kengele iliyolia kwa sababu jina lilikuwa sahihi. Tangu siku hiyo nalinganisha residyu tano za kabla na tano za baada, si moja. Kwa beta ya kawaida zinaanza hivi: Val, His, Leu, Thr, Pro, Glu, Glu, Lys. Ukiona Met (methionini) mbele yake, ongeza moja.

Na kwa kuwa nimeitaja AlphaFold: ni chombo kikubwa, na Demis Hassabis na John Jumper walipata Nobel ya Kemia mwaka 2024 kwa kazi hiyo, pamoja na David Baker. Lakini kile inachokiweka kwenye nafasi ya kigezo B ni alama ya kujiamini, kati ya 0 na 100, ambapo kubwa ni nzuri. Ukiisoma kama mtikisiko utageuza kila kitu juu chini. Residyu zenye alama chini ya 50 usizihesabie migusano. Tena utabiri wa mnyororo mmoja wa beta hautakuonyesha kamwe mgusano wa selimundu, kwa sababu jirani hayupo.

Ramani ya migusano, kwa ufupi

Ukitaka kuona protini nzima kwa mtazamo mmoja, chora mraba wenye namba za residyu kwenye pande zote mbili, na weka nukta kila panapo mgusano wa Å 8. Ukanda mnene unaoandamana na mstari wa katikati ni heliksi, na hemoglobini imejaa heliksi. Nukta za mbali na mstari huo ni mahali heliksi mbili zinapokutana, na huja kwa vipindi vya residyu tatu au nne, kwa kuwa upande mmoja tu wa heliksi ndio unaomtazama mwenzake. Protini zenye shiti za beta, yaani vipande vya mnyororo vilivyolazwa kandokando, huonyesha mistari mirefu iliyonyooka. Ramani inapendeza kwenye ripoti, lakini kwa swali la residyu moja haina msaada mkubwa.

Hatua ya mwisho: andika ili mwingine arudie

Kwenye ripoti taja jina la muundo na ubainifu wake, kama ulitumia faili la kawaida au la kibaiolojia, wavu wako na umbali wake, jozi ulizoondoa, hesabu ya namba uliyofuata, na toleo la Biopython. Kisha andika mgusano kwa sentensi kamili. "B85–H6" si matokeo, ni anwani. Sema ni nani, yuko mnyororo gani, anamgusa nani kwa aina gani ya mgusano, na kuna ushahidi gani nje ya faili kwamba mgusano huo una kazi.

Ushahidi wa nje ndio unaoutofautisha mgusano wa kweli na ukaribu wa bahati. Kwa mfano wetu upo mzuri. Karibu na kishimo kile, Asp ya 73 nayo hushiriki kushikana na jirani. Kuna hemoglobini inayoitwa C-Harlem yenye Val ile ile ya 6, lakini Asp ya 73 imegeuka Asn (asparajini), na hujisokota kwa shida kuliko ya selimundu ya kawaida. Mgusano mmoja umeguswa, ufumwele wote umedhoofika. Mwingine ni nafasi ya 87, kati ya 85 na 88: beta ina threonini, na mnyororo wa gama wa hemoglobini ya mtoto mchanga una glutamini, yenye tawi refu zaidi. Hemoglobini ya utotoni haikubali kuingia kwenye ufumwele, na glutamini hiyo ni mojawapo ya sababu. Waliotengeneza mojawapo ya tiba za jeni za selimundu waliitia glutamini hiyo hiyo kwenye nafasi ya 87 ya beta. Badilisha sharti la msimbo wako liwe ("THR", 87) uone inazungukwa na nani.

Yule mama wa Mwandiga huja kuchukua dawa za mwanawe, haidroksiyurea. Safari moja nilimchorea nyuma ya karatasi ya vipimo: duara mbili, kishimo kwenye moja, kijiti kwenye nyingine kikiingia kishimoni. Aliitazama, akauliza, "Kwa hiyo hii dawa inaziba hilo tundu?" Nikamwambia, "Hapana mama. Inaamsha mwili utengeneze tena damu ya utotoni, ambayo kwenye tundu lake imewekewa kitu kirefu." Akaikunja karatasi, akaifunga kwenye ncha ya kanga.